Kiti cha Adrian

Ukifika Kihesa pale Iringa ukaulizia kwa fundi sweta, hakuna atakayekuuliza fundi yupi. Watakuelekeza nyumba ya bati la kijani, na kabla hujapiga hodi utasikia mashine ya kufumia ikienda na kurudi, krrr, krrr, tangu jua halijachomoza. Hapo ndipo kwa Apolonia Kihwele. Mwaka wa thelathini na mbili huu anawavisha watoto wa watu. Sweta za bluu za shule za msingi, za kijani za sekondari, nyekundu za wale wadogo wa chekechea wanaotembea huku wamekumbatia chupa za uji. Kama ulisoma Iringa na baridi ya mwezi wa sita haikukumaliza, mshukuru Mungu, halafu umshukuru na Apolonia.

Ni mama mfupi, mwepesi wa mguu, na mdomo anao. Si mdomo wa matusi, hapana. Ni mdomo wa mtu aliyefiwa na mume akiwa na watoto wanne, wa mwisho yuko mgongoni, na mashine moja kuukuu. Akawalea wote wanne, na hakuna aliyelala njaa wala aliyetoka nje bila sweta. Mtu wa namna hiyo ukimwambia, "Mama, siku hizi watoto hawalelewi hivyo," ujue umechokoza nyuki.

Na hayo hasa ndiyo aliyoambiwa.

Yule wa mgongoni, Benedicta, sasa ni mwalimu Mbeya. Ameolewa na Lutengano, kijana wa Kinyakyusa, fundi wa kunyoosha bodi za magari pale Mafiati. Mwishoni mwa mwaka jana Mungu aliwapa mtoto wa kiume, wakamwita Adrian. Apolonia alikwenda kumlea mzazi kama mama yeyote anavyokwenda, akakaa mwezi mmoja, akarudi kwake. Mwezi wa tano msichana aliyekuwa akimwangalia Adrian akaaga kwamba anakwenda kuolewa. Mtoto ana miezi mitano, mama yake yuko darasani tangu asubuhi. Simu ikapigwa Iringa. Kesho yake Apolonia alifunika mashine yake kwa shuka na kupanda basi.

Basi, wiki tatu zile zilikuwa tamu, usiseme. Adrian alikuwa mnene, mcheshi, mwenye meno mawili ya chini na tabia ya kumvuta bibi yake sikio. Asubuhi akishanyonya alifungwa mgongoni kwa kitenge, na nyimbo za Kihehe zikaanza, zile zile alizoimbiwa mama yake. Apolonia alifurahi mpaka akaogopa. Alitaka jambo moja tu duniani: waseme abaki. Ahamishie mashine yake Mbeya, amlee mjukuu mpaka aanze shule. Lakini mama mkwe haombi kukaa kwa mkwewe. Anangoja aambiwe.

Akangoja. Alichosikia, siku moja akiwa uani anakamua nepi chini ya dirisha la sebule, ni sauti ya Lutengano akimwambia mkewe kwamba dada yake wa Tukuyu yuko tayari kuja shule zikifunguliwa.

"Lakini mama si yupo?" Benedicta aliuliza.

"Mama ni mtu mwema sana. Ila hasikii la mtu. Ukimwambia jambo la mtoto, anaitikia, halafu anafanya la kwake. Tukitoka Iringa kwenye ubatizo wa Adrian nitajua."

Apolonia alibaki na nepi mkononi. Atajua! Kwani yeye ni kibarua anajaribiwa?

Angemjibu pale pale, lakini hapo palikuwa na ukuta mrefu kuliko ule wa dirisha. Heshima ya mkwe na mama mkwe, kwao Apolonia na kwao Lutengano vilevile, si ya mchezo. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawaketi meza moja. Na kuzungumza moja kwa moja hawakuwa wamezungumza tangu siku ya harusi. Kabla Adrian hajazaliwa, kila neno lilipitia kwa Benedicta, maskini, mpaka akawa kama ofisi ya posta. Mtoto alipokuja, wakampa yeye kazi hiyo.

"Adrian," Apolonia angesema, macho yako ukutani, "mwambie baba yako chakula kiko mezani."

"Adrian," Lutengano angeitikia akiwa kibarazani, "mwambie bibi tunashukuru."

Na Adrian, mjumbe wa watu wazima, alikuwa akila soksi yake.

Kisa kilichomfanya Lutengano aseme hasikii la mtu kilikuwa kiti. Kiti cha mtoto cha kwenye gari, chenye mikanda mitano inayokutana tumboni, kimefungwa siti ya nyuma ya gari yao ndogo nyeupe, tena mtoto anatazama nyuma. Apolonia alipokiona mara ya kwanza alicheka. Alipoambiwa Adrian hataingia kwenye gari bila kukaa humo, hata kwenda sokoni tu, kicheko kikakatika.

"Mtoto ananuniwa?" alimuuliza binti yake. "Mbona mnamgeuzaga uso huko nyuma kama kakosea?"

"Mama, shingo ya mtoto bado laini. Gari ikisimama ghafla, kiti kikiwa hivyo kinapokea mgongo wote na kichwa pamoja."

"Basi kiwekeni mbele, nimwone."

"Mbele kuna ule mfuko wa hewa unaofumka gari ikigonga. Ukifumka unaweza kumuua mtoto mdogo namna hii."

"Mikono yangu ina kasoro gani? Nyie wanne niliwapakata mpaka Songea!"

"Na tulifika salama, tunamshukuru Mungu," alisema Benedicta. "Lakini mume wangu ndiye anayezifungua gari ambazo hazikufika."

 Apolonia aliijua kazi ya mkwewe. Gari zinafika pale Mafiati zimekunjwa, na yeye ndiye anayeingia ndani na taa kutafuta palipovunjika. Anakuta viatu. Hasimulii, lakini Benedicta alisema kuna siku anarudi nyumbani na hataki kula. Tena kiti chenyewe hicho hakikuwa cha kwanza. Cha kwanza alipewa bure na mteja, kizuri, kina mto na vitambaa vya maua. Alipojua kimetoka kwenye gari iliyogongwa, alikata mikanda yake yote kwa kisu mbele ya watu na kukitupa, asije akakiokota mwingine, kisha akaagiza kipya Dar es Salaam. Alisema kiti kikishapigwa mara moja, ndani huwa kimevunjika hata kama nje kinang'aa. Apolonia alihesabu hiyo kuwa ni kufuru. Kiti kizima, jamani! Mtoto angekaa humo kula uji sebuleni!

Lakini kilichomuuma zaidi ni habari ya sweta. Kwa safari ya ubatizo alikuwa amemfumia Adrian sweta la njano, uzi wa sufu mara mbili, shingo nzito, vifungo vya mbao. Kazi ya siku tisa kwa mkono, kwa sababu mashine alikuwa ameiacha Iringa. Benedicta alilipokea, akalibusu, halafu akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba kwenye kiti hatalivaa. Kwenye kiti mtoto anavaa nguo nyepesi, anafungwa mikanda ikimgusa mwili sawasawa, ndipo blanketi linawekwa juu. Nguo nene ikikaa chini ya mkanda, mkanda unabana nguo, haumbani mtoto.

"Haya," alisema Apolonia. Na neno "haya" kinywani mwake, wanaomjua wanalijua. Maana yake ni "tutaona."

Waliondoka Isyesye, wanakokaa pale Mbeya, siku ya Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa sita, barafu imeganda kwenye majani ya viazi. Lutengano nyuma ya usukani, Benedicta pembeni yake, Apolonia nyuma na mjukuu. Lutengano mwenyewe ndiye aliyemfunga mtoto. Alivuta mikanda, akajaribu kuikunja kwa vidole viwili pale begani. Haikukunjika, imekaza sawasawa. Akatandaza blanketi juu, akaenda zake mbele.

Adrian alianza kulia kabla hawajafika Uyole.

"Anahisi baridi," alisema Apolonia.

"Amekatizwa usingizi, mama. Atanyamaza," alisema Benedicta. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Ebo! Methali aliyomfundisha mwenyewe, leo anarudishiwa.

Uyole wakasimama kuweka mafuta. Lutengano akashuka kuangalia upepo wa matairi, Benedicta akaenda chooni. Wakabaki bibi na mjukuu, na kilio, na mikono midogo imekuwa baridi kama chuma. Apolonia aliitazama ile mikanda. Benedicta aliamini mama yake hajui hata kukifungua kile kiti, kwa kuwa siku zote Apolonia alijifanya hakijui. Lakini mtu aliyekaa na mashine ya sindano mia mbili kwa miaka thelathini na mbili, mkanda wenye kitufe kimoja utamshinda? Alibonyeza, akavuta, mikanda ikalegea. Akavuta tena, mpaka mwisho. Akamtoa mtoto, akamvisha sweta la njano, akambana na blanketi kwa ndani, akamrudisha, akafunga. Klik. Kitenge juu. Benedicta aliporudi, Adrian alikuwa amelala fofofo, mashavu mekundu.

"Nilikwambia," alisema Apolonia, akajiona mshindi.

Wakapanda Inyala, wakashuka. Ukishuka kwenda Usangu hewa inabadilika, jua linapasha na watu wanavua makoti. Igurusi Adrian aliamka anatokwa jasho. Wakasimama kando ya barabara Benedicta amnyonyeshe. Lutengano alisogea pembeni na simu yake, mteja wa Mafiati anamsumbua. Benedicta alipofunua kitenge akaguna.

"Mama jamani! Sweta!"

"Kulikuwa na baridi."

Benedicta akatikisa kichwa, akacheka, akamvua. Alimnyonyesha, akamrudisha kwenye kiti akiwa na fulana yake nyepesi, akafunga kifungio, klik, akatupa blanketi juu, maana mtoto alikwisha kusinzia tena na mumewe alikuwa ameshawasha gari. Mikanda hakuivuta. Kwa nini aivute? Iliwekwa vizuri asubuhi na mumewe, na hakudhani kwamba mama aliyemtoa mtoto kumvisha sweta alijua hata kuilegeza. Apolonia aliona, na wazo lilimpitia kwamba ile mikanda sasa ni mirefu. Likampitia tu. Alikuwa bado na kinyongo cha sweta.

Chimala wakapita. Mbele kidogo ya njia panda ya Rujewa, kwenye tambarare iliyonyooka, kundi la ng'ombe likatoka kwenye vichaka upande wa kushoto na kuingia barabarani, wote kwa pamoja. Lutengano akakanyaga breki. Gari ikalia. Ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu akageuka akasimama katikati, na Lutengano akakata usukani, wakatoka nje ya lami, wakadunda kwenye mtaro, wakadunda tena, gari ikainama upande, ikatua, ikasimama vumbi limejaa.

Kimya. Kisha mchungaji akasikika anawafokea ng'ombe wake.

"Mko salama?" Lutengano aliuliza. "Mama Adrian? Adrian?"

Apolonia ndiye aliyefunua blanketi. Adrian alikuwa ameteleza ubavu. Bega lake moja lilikuwa nje ya mkanda, mkono wote nje, na kichwa kimening'inia kwenye ukingo wa kiti, kidevu kimekwama kifuani. Alikuwa amefumbua macho na hatoi sauti. Apolonia alikiinua kile kichwa kwa viganja viwili. Hapo hapo mtoto akavuta pumzi akalia, kilio kikubwa, kizuri, cha mtoto mzima mwenye hasira. Yesu na Maria! Apolonia akalia pamoja naye.

Lutengano alikuwa ameshafika mlangoni. Alimkagua mtoto shingo, mikono, miguu, kila kidole. Hakuna kitu. Ndipo akashika mkanda. Aliuinua, ukainuka, ukainuka, ukaacha nafasi ya kupitisha kiroba cha mchele. Akamgeukia mkewe, uso umekuwa wa majivu.

"Hivi ndivyo ulivyomfunga Igurusi?"

"Nilifunga kama siku zote."

"Kama siku zote? Benedicta, tazama! Tungegongana na yule ng'ombe huyu mtoto angekuwa wapi?"

Benedicta alitazama. Akaweka mkono mdomoni. "Sijui," alisema. "Sijui nimefanya nini. Nilikuwa na haraka."

 Lutengano alivuta mikanda mwenyewe, akamfunga mtoto upya, akairudisha gari barabarani. Wakaenda.  Kupitia katikati ya siti Apolonia aliona bega la binti yake likitetemeka, na akasikia akijisemea chini chini, "Mama gani mimi? Mama gani?"

Sasa tumhurumie Apolonia, ingawa alijitakia. Ukweli alikuwa nao yeye peke yake, na hakuna mtu angemuuliza. Kukaa kimya ilikuwa rahisi kuliko kupumua. Na akisema? Akisema, dada wa Tukuyu atakuja na mabegi yake mwezi wa saba, yeye atarudi Kihesa kufuma sweta za watoto asiowajua, na Adrian atajifunza kutembea kwenye nyumba ambayo bibi yake hayumo. Atajua, alisema mkwewe. Basi angejua. Alihesabu nguzo za umeme mpaka Igawa. Alijaribu kujiambia kwamba Benedicta naye alipaswa kuangalia, na ni kweli alipaswa. Halikumsaidia. Binti yake analia kwa kosa la mama yake, na huyo mama kaa la moto limemkaa rohoni naye anajifanya anatazama mashamba.

Walipoanza kupanda kuelekea Makambako, Apolonia alisafisha koo.

"Adrian," alisema, kwa sauti ambayo hakuitambua. "Mwambie baba yako asimlaumu mama yako. Aliyelegeza mikanda ni bibi. Pale Uyole. Aliilegeza mpaka mwisho ili sweta liingie. Mama yako hakujua, na bibi aliona mikanda imelegea Igurusi na hakusema."

Gari iliendelea kwenda. Adrian alitoa povu la mate.

"Mwambie pia," Apolonia aliongeza, "kwamba bibi ni mjinga na anaomba radhi."

Benedicta aligeuka nyuma. "Mama!" alisema. Alikuwa na hasira, na machozi, na kitu kama nafuu, vyote usoni kwa wakati mmoja. "Mama, nimejiita muuaji njia nzima!"

"Najua, mwanangu. Nimekusikia."

Benedicta akageuka mbele. Lutengano aliendesha kilomita nyingi. Walipofika kwenye mizani ya malori akapunguza mwendo, na ndipo akafungua mdomo.

"Adrian," alisema, "mwambie bibi nimesikia."

Basi. Nimesikia, full stop. Apolonia angependelea atukanwe.

Mafinga upepo ulikuwa unakata masikio. Wakasimama kunywa chai, Benedicta akaingia hotelini bila kumngoja mtu. Apolonia hakushuka. Lutengano akaja, akafungua mlango wa nyuma, akafungua kifungio, akalegeza mikanda yote, akamwacha mtoto aketi tu kwenye kiti bila kufungwa. Alisimama pembeni, macho yake yanatazama malori ya mbao.

"Adrian," alisema, "mwombe bibi akufunge yeye."

Apolonia alipitisha mikono ile midogo kwenye mikanda, mmoja, wa pili. Klik. Kisha akaanza kuvuta ule utepe wa chini unaokaza mikanda, taratibu, na vidole vyake vikaanza kuelewa kabla ya kichwa. Maana hii ni kazi yake! Uzi ukienda umelegea kwenye mashine, sweta linatoka pana, halina umbo, halimkai mtu. Ukikaza kupita kiasi sindano zinavunjika. Kuna mahali pa katikati, na mahali hapo fundi hapimi kwa rula. Alivuta mpaka pale. Akajaribu kukunja mkanda begani kwa vidole viwili kama alivyomwona mkwewe akifanya. Vidole viliteleza, havikupata kitu cha kushika. Akamwekea blanketi juu, na sweta la njano juu ya blanketi.

Lutengano aliinama, akajaribu begani. Akajaribu bega la pili. Akainuka.

"Adrian, mwambie bibi chai inapoa," alisema, akaenda zake.

Mpaka wanaingia Iringa Apolonia hakujua hukumu yake.

Jumapili ilikuwa ya heri. Jua limetoka, kwaya imejaa, Adrian katika gauni jeupe la ubatizo hakulia hata maji yalipomwagwa, akamtazama tu padri kama mtu anayemdai maelezo. Msimamizi wake alikuwa Bertha, dada mkubwa wa Apolonia. Mnamjua mtu wa namna ya Bertha: mrefu, mpana, mwenyekiti wa kila kamati, mtu ambaye tangu utoto Apolonia hajawahi kumshinda kwa neno hata moja. Na katika ukoo wao desturi ni hii: mtoto akishabatizwa, msimamizi ndiye anayempakata kutoka kanisani mpaka ndani ya nyumba, na hamwachii mtu mwingine njiani. Bertha alikuwa amepakata watoto kumi na mmoja hivyo.

Kwa hiyo alitoka kanisani na Adrian mikononi, vigelegele vinalia, akajirusha siti ya nyuma, akamkalisha mtoto mapajani na kupanga marinda ya gauni. Apolonia alikuwa ameshaketi upande wa pili wa kiti. Benedicta aliingia mbele. Lutengano akashika usukani, akatazama kwenye kioo, na hakuwasha gari. Mtu huyo hakuwa na njia ya kusema. Mama mkubwa wa mkewe, dada wa mama mkwe wake! Hata Adrian asingeweza kuubeba ujumbe huo.

"Da Bertha," alisema Apolonia, "mtoto anakaa kwenye kiti."

"Kiti gani?"

"Hicho hapo katikati yetu."

Bertha alicheka. "Apo, nyumbani ni hapo tu! Naliona bati lako!"

"Hata kama ni hapo. Umempakata mpaka mlango wa gari, asante. Tukifika utampokea, utamwingiza ndani kwa mikono yako, hakuna atakayekunyang'anya. Hapa katikati ni kwenye kiti."

Watu wa kwaya walikuwa wamezunguka gari. 

"Unanivunjia heshima mbele ya kanisa?" Bertha aliuliza polepole. "Mimi? Kwa kiti cha plastiki?"

Apolonia alijiona amerudi kuwa na miaka saba. Lakini aliona tena kile kichwa kwenye ukingo wa kiti, kidevu kifuani, bila sauti.

"Juzi nilikaribia kumuua huyu mtoto, dada," alisema, na alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Mimi, kwa mikono hii, kwa kujua mengi. Ukinuna, nuna. Nitakuja kwako kesho kuomba radhi na kuku. Lakini nipe mtoto."

Bertha alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Akamkabidhi mtoto.

Apolonia alikunja marinda ya gauni yasikae chini ya mkanda, akapitisha mikono, klik, akavuta, akajaribu begani. Adrian akaanza kulia, tena kwa nguvu, mbele ya kwaya nzima, na bibi zake wawili pembeni.

"Unaona? Analia!" alisema Bertha.

"Mwache alie."

Gari bado haikuondoka. Lutengano alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na macho yako kwenye kioo. Alipozungumza, alimwambia mkewe, lakini aliongea taratibu na kwa sauti ya kufika nyuma.

"Mama Adrian, mpigie dada wa Tukuyu. Mwambie asijisumbue kuja. Mwezi wa saba tutahitaji tu mtu mwenye pikapu, atuhamishie mashine."

Benedicta hakugeuka, ila alinyoosha mkono nyuma kati ya siti, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mama yake, akaubana. Apolonia alitaka kusema neno la heshima, la mtu mzima, lakini machozi yalikuwa yanadondokea kwenye marinda ya ubatizo. Alikuwa na furaha mpaka akaona haya.

"Apo, sasa unalia nini tena?" aliuliza Bertha. "Mashine gani hiyo?"

"Nitakwambia nyumbani," alisema Apolonia. "Funga mkanda na wewe, twende."